Gari la waya na mtoto wa siku hizi: namna ya kulitengeneza bila kumnyang'anya kazi

Kila likizo ya shule ikikaribia, wazazi wenzangu huniuliza yale yale. Waya gani unafaa? Ndala moja inatoa magurudumu mangapi? Wa miaka mitatu naye anaweza? Na hasa hili: mbona langu nikilisukuma linakwenda upande? Nimechoka kueleza kwa mdomo huku nachora hewani, kwa hiyo nayaweka yote hapa, kuanzia hanga za dobi mpaka ugomvi wa watoto wa jirani.

Gari tunalotengeneza ni lile la kusukuma, lenye usukani mrefu unaofika kifuani kwa mtoto. Si la kopo la kuvuta kwa kamba, wala si yale ya mapambo wanayouziwa watalii. Ukiwa na vifaa vyote ni kazi ya mchana mmoja. Mtoto akiwa mdogo, ipangie jioni mbili tatu, maana atachoka kabla yako.

Jambo moja kabla ya waya. Sisi tuliokulia Tanzania Bara kabla televisheni hazijaanza kurusha matangazo mwaka 1994 tunalikumbuka gari lenyewe, tukasahau kwamba hakuna mtu mzima aliyetutengenezea. Waya tuliokota wenyewe, tukaukunja kwa mawe, tukagombana, tukafumua, tukarudia. Baba alikuwa kazini. Mama alichotaka ni ndala zake zisiguswe, basi. Mzazi wa leo hujifungia usiku na koleo, akatoka asubuhi na gari safi, akamkabidhi mwanawe. Mtoto analichezea nusu saa, kisha huyo, kwenye simu. Mzazi anaumia moyo. Lakini mtoto ana kosa gani? Magari yaliyotengenezwa na watu wengine anayo tayari, tena yana taa na honi. Ndiyo maana katika kila hatua nimetaja kazi ya mtoto ni ipi. Mwachie, hata akiifanya vibaya.

Umri na uwezo

Chini ya miaka mitatu, gari la waya bado. Ncha za waya ziko usawa wa macho yake, na vizibo vya soda vinaingia mdomoni. Kipimo rahisi ni ile karatasi ngumu ya katikati ya toileti pepa: kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Huyu mpe boksi la viatu lenye kamba fupi isiyoweza kuzunguka shingo yake, ampakie mwanasesere ndani, avute. Nalo ni gari, na abiria anaye.

Wa miaka minne hadi sita anachora, anachagua, anazungusha waya mwembamba kwa vidole, anapachika magurudumu, anapaka rangi. Kuanzia miaka saba hivi anaweza kushika koleo, nawe uko pembeni. Kisu cha kukatia ndala ni chako. Ni lini utamwachia, utajua wewe unayemjua.

Vifaa vya kuandaa

- Hanga tano za waya, zile za dobi. Waya wake una unene wa kama milimita 2. Unakunjika kwa mkono, lakini ukishakaa umekaa. Hanga moja ikinyooshwa inatoa karibu mita moja. Ukizikosa, ulizia waya wa unene huo kwa mafundi vyuma: Dar es Salaam nenda Gerezani, Nairobi nenda Kamukunji.
- Waya mwembamba wa kufungia nondo, mita tatu au nne. Madukani unauzwa kwa kilo, lakini panapojengwa nyumba hapakosi mabaki. Omba.
- Jozi moja ya ndala za mtu mzima zilizochoka.
- Maganda mawili ya peni za Bic, yametolewa wino na kile kizibo kidogo cha nyuma.
- Vizibo vinane vya soda.
- Ufito, mwanzi au mpini wa fagio usio mnene.
- Tyubu ya baiskeli iliyokufa, iliyokatwa mikanda ya upana wa kidole. Fundi baiskeli atakupa bure na kukushangaa kidogo.
- Boksi, chaki, rangi ya maji.
- Koleo (plaizi), kisu kikali, msumari wa inchi tatu, nyundo, rula na uzi.

Mlioko Muscat, London au Toronto: hanga za dobi hata huko zipo, na mafundi baiskeli wanatupa tyubu kila siku. Shida itakuwa ndala. Pengine itabidi uzikate zikiwa bado nzima, na roho itakuuma.

Vya kukaa navyo mbali

Usitumie waya uliookotwa ardhini ukiwa na udongo na kutu. Mkwaruzo wenye udongo ndio mlango wa pepopunda. Kinga yake imo ndani ya chanjo ya penta ambayo watoto hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo fungua kadi ya kliniki uhakikishe zimekamilika. Akijikata kidonda kirefu au kichafu, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya.

Usitumie rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la miaka mingi stoo. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto hulamba vidole.

Tena, wapo wanaotaka kufungua midoli ya plastiki iliyoharibika wachukue taa waipachike kwenye gari. Midoli mingi ya aina hiyo ina betri ndogo bapa, saizi ya kitufe cha shati. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba mtoto ameimeza, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, usingoje dalili. Mimi gari la waya naliacha bila taa.

Hatua

1. Chora kwa ukubwa halisi. Kazi ya mtoto. Mpe chaki achore sakafuni umbo la pembe nne, urefu sentimita 28, upana 14. Muulize ni gari gani, usimjibie. Kwetu lilikuwa Scania, Leyland, au lile basi la Ikarus la UDA (Usafiri Dar es Salaam) lililoungwa katikati. Wangu alitaka treni ya SGR, ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Treni haina usukani. Yake inao, na ubishi hauna faida. Mchoro uacheni sakafuni mpaka mwisho, kila kipande mtakipima juu yake.

2. Chasisi. Nyoosha hanga ya kwanza. Weka alama za peni mahali pa kukunja *kabla* ya kukunja, kisha kunja pembe nne zifuate mchoro. Anzia katikati ya upande mrefu, si kwenye kona, ili ncha mbili zikutane hapo na kulaliana sentimita 8 hadi 10. Zifunge kwa waya mwembamba.

Hapa ndipo mtoto anapojifunza kufunga, kwa hiyo msiharakishe. Mkatie kipande cha sentimita 20. Mara ya kwanza atazungusha kwa kuachanisha, mzunguko mmoja huku, mwingine kule. Mwonyeshe namna ya kusukuma kila mzunguko kwa ukucha mpaka umguse mwenzake. Mizunguko kumi iliyobanana inashika kuliko ishirini iliyotawanyika, naye atauhisi mwenyewe waya ukikataa kuteleza chini ya kidole. Ncha inayobaki ikunje kwa koleo, ielekee ndani. Pitisha kidole chako kila mahali kabla yeye hajapitisha chake.

Ili kujua kama chasisi haikupinda, vuteni uzi kutoka kona hadi kona ya mshazari, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, mko sawa.

*Kosa la kawaida:* kukunja na kukunjua pale pale. Waya wa hanga ukirudishwa mara chache unakatika bila kuaga. Ukikosea alama, songa mbele kidogo, rekebisha mchoro, gari liwe refu zaidi. Hakuna atakayelipima barabarani.

3. Mataruma mawili. Hivi ni vipande vinavyokatiza chasisi, kimoja sentimita 5 kutoka mbele, kingine sentimita 5 kutoka nyuma. Cha nyuma kina urefu wa sentimita 19, ncha zake zinajikunja kwenye chasisi. Cha mbele kikate sentimita 22, kwa sababu katikati yake utakizungusha mara moja kwenye msumari wa inchi tatu kifanye pete. Tundu la pete litazame juu, si mbele. Usukani utapita humo. Zote mbili zitoke kwenye hanga moja, na kitakachobaki kinatosha ekseli.

4. Ekseli ya nyuma. Laza ganda la peni chini ya taruma la nyuma, ulifunge kwa mikanda ya tyubu iliyovutwa, pande zote mbili. Pitisha ndani yake kipande cha waya cha sentimita 24. Hakikisha kimenyooka kabisa: kiviringishe juu ya meza, kikirukaruka bado kina kona. Kazi ya mtoto ni kukizungusha kwa kidole na kutoa hukumu kama kinazunguka vizuri. Msikilize, maana masikio yake ni makali kuliko yako na waya ukikwaruza atausikia.

Ganda la peni hatukuwa nalo enzi zile, au tulikuwa nalo lakini shuleni tungechapwa. Wengi tulitumia vikuku vya waya, na gari lililia njia nzima. Kama unautaka mlio huo, tumia vikuku. Kwa anayeanza, peni ni rahisi mno kuiacha.

5. Matao ya bodi. Mnatengeneza matao mawili, kila moja lina kimo cha sentimita 14 na upana wa 14. Tao la mbele lisimame sentimita 13 kutoka mbele ya gari, nyuma ya taruma la kwanza; nalo katikati ya paa lake liwe na pete, kama ile ya taruma. Tao la nyuma liwe juu ya taruma la nyuma. Miguu ikunjwe kwenye chasisi na kufungwa. Unganisha matao kwa juu kwa mabaki yoyote yasiyumbe.

6. Usukani. Hii ndiyo hatua ambayo watu huniletea gari mkononi, kwa hiyo isome yote kwanza.

Chukua waya wa sentimita 60. Hesabu sentimita 14 kutoka ncha moja, ukunje, waya urudi juu ya ule wa kwanza mpaka katikati, yaani sentimita 7. Hapo uinue. Umepata herufi T iliyopinduliwa: kitako cha sentimita 14 na mguu mrefu. Mguu usisimame wima kabisa. Uegemee nyuma kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha uvivu. Funga ganda la pili la peni chini ya kitako, upitishe ndani yake ekseli ya mbele, sawa na ile ya nyuma.

Pitisha mguu kutoka chini, uingie pete ya taruma la mbele. Ukishatokeza juu ya pete hiyo, zungusha waya mwembamba mara nane au kumi hapo hapo juu yake, ubane kwa koleo mpaka usiteleze. Hiyo ni kola, na ndiyo siri yote ya gari hili. Bila kola, ukisukuma usukani ekseli ya mbele inatangulia peke yake na gari linabaki nyuma. Kisha pitisha mguu kwenye pete ya paa, utokeze.

Ufito unafungwa kwenye waya uliotokeza, walaliane angalau sentimita 15. Chonga mfereji mdogo kwenye ufito waya ukae ndani, uufunge kwa mikanda ya tyubu mpaka mkono uume. Ncha ya waya ikunje ichomeke kwenye mti, la sivyo mtoto atazungusha ufito na waya usijue lolote. Sasa mtoto asimame nyuma ya gari ashike ufito. Kata pale unapofika kifuani. Usikate kwa kukisia. Mwisho, sentimita 36 za hanga ya tano zinatoa duara la usukani, upana kama sentimita 10, la kufunga juu ya ufito.

7. Magurudumu. Zitazame ndala kabla ya kuzikata. Kisigino huwa kimelika upande mmoja. Gurudumu likitoka hapo litakuwa nene huku na jembamba kule, na gari litachechemea. Kila ndala inatoa magurudumu mawili ya upana wa sentimita 6: moja mbele, kati ya tundu la kidole na matundu ya kati, jingine nyuma. Mawili ya mbele ya ndala yawe ekseli moja, mawili ya kisigino ekseli nyingine, ili yanayolingana unene yakae pamoja.

Mtoto anachora duara kwa kuzungushia kopo la dawa ya viatu. Wewe unakata, kisu kikisimama wima, ndala ikiwa juu ya ubao. Ukikata vizuri utaona rangi za tabaka zimejipanga pembeni, bluu, nyeupe, bluu, na mtoto atakunyang'anya kabla hujamaliza.

Katikati tobo lipigwe kwa msumari mwembamba kuliko waya, ili gurudumu liibane ekseli na vizunguke pamoja. Vizibo vya soda vitobolewe pia, kila gurudumu viwili, kimoja ndani kimoja nje, meno yakiuma ndala. Bila vizibo ndala inachanika siku hiyo hiyo. Mtoto apachike yeye: kizibo, gurudumu, kizibo. Acha nafasi ya nusu sentimita kati ya kizibo cha ndani na ganda la peni, kisha kunja ncha ya ekseli ijirudie kama ndoano.

*Usifanye:* kutoboa kwa msumari wa moto chumbani. Ule moshi wa ndala sote tuliuvuta, na si wa kumrithisha mtu.

8. Bodi na jina. Mkabidhi boksi na rangi, ondoka. Kweli, ondoka, kachemshe chai. Madirisha yatakuwa makubwa kuliko milango, na jina la gari litaandikwa herufi zikitazama kinyume. Daladala zenyewe zinaandikwa vioja zaidi ya hivyo.

9. Barabarani. Anzieni uani au uwanjani, pakavu, pasipo kokoto nyingi. Ukitoka mtaani, mtoto akisukuma anatazama gari lake tu. Wewe ndiye unayetazama bodaboda.

Kama huna mchana mzima: mpira wa chandimu

Mpira ule wa mifuko ya rambo, yaani ya plastiki, hauwezekani tena kirahisi, maana mifuko yenyewe ilipigwa marufuku: Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Tumia matambara. Jaza soksi moja kubwa kwa vipande vya nguo kuukuu, ukishindilia mpaka iwe ngumu, ufunge mdomo. Ipindue ndani ya soksi ya pili, fundo likiangalia chini. Kisha kamba ya katani: zungusha kama unafunga zawadi, geuza robo, zungusha tena, na kila kamba zinapokatizana piga fundo. Mafundo ndiyo yanayoshika, wingi wa kamba hausaidii. Mtoto anashindilia na anashika kidole penye fundo. Hauruki sana, ndiyo raha yake. Hauvunji dirisha la mtu. Ukilowa, uanikwe siku nzima, la sivyo utanuka mpaka wenyewe waukimbie.

Likikataa

*Linakwenda upande.* Mara nyingi ekseli mbili hazikutazamana. Shika usukani unyooke, pima kwa uzi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma upande wa kushoto, halafu kulia. Palipo pafupi, sogeza ganda la peni. Vipimo vikiwa sawa, linganisha magurudumu, moja litakuwa dogo.

*Linadunda kila mzunguko.* Tobo haliko katikati. Gurudumu hilo halitengenezeki, kata jingine.

*Magurudumu yanaburuzika.* Vizibo vimeligusa ganda la peni, au ekseli imepinda. Viringisha mezani, nyoosha, rudisha nafasi.

*Ekseli ya mbele inatangulia.* Kola imeteleza. Izungushie upya, chini yake weka kipande cha tyubu kishike.

*Linapinduka kwenye kona.* Bodi ni nzito juu. Funga jiwe bapa katikati ya chasisi, chini kabisa. Likiinua pua, sogeza jiwe mbele.

*Mtoto ameondoka baada ya dakika kumi.* Acha kila kitu kilipo, sakafuni. Usilimalizie usiku. Wengi hurudi wenyewe kesho yake wakikuta kazi inawangoja. Wakikuta gari limekamilika, wanalitazama tu.

*Anataka simu, hataki gari.* Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini. Hilo liwe na utaratibu wake nyumbani. Ukilifanya gari kuwa adhabu ya kunyang'anywa simu, umeliua. Na maneno "sisi enzi zetu" yana ruhusa ya kusemwa mara moja kwa gari zima.

*Babu yake anasema usukani umekosewa.* Mpe koleo. Yaelekea anasema kweli, na mtoto atakubali kusahihishwa na babu kuliko na wewe.

*Watoto wa jirani wanagombea gari moja.* Lisigawanywe kwa zamu, zamu ndiyo inayoleta makonde. Wape chaki kila mmoja achore lake, aliyemaliza kwanza awe fundi wa kufundisha kufunga waya. Wewe rudi kwa dobi ukaombe hanga nyingine. Ndala anza kuzikusanya leo kwa majirani wote, na zile za mama mwenye nyumba uliza kwanza.